Harusi Nzima, Pamoja na Foleni ya Zawadi

Mtu anapoitazama DVD ya harusi yake wiki chache baada ya sherehe, anawatafuta maharusi: gauni limekaaje, keki imekatwaje, MC alisema nini hata ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akiitazama tena baada ya miaka kumi na mitano, maharusi wanakuwa watu wa kawaida tu, kwa sababu yeye na mwenzake wako hapo hapo kwenye kochi, wamenenepa kidogo. Jicho sasa linakwenda pembeni. Linamtafuta mjomba aliyekatiza mbele ya kamera na kreti ya soda, bibi aliyekaa meza ya tatu karibu na nguzo na ambaye hakurekodiwa tena popote maishani mwake, mtoto aliyelazwa juu ya viti viwili na ambaye leo naye ana wake. Nimehamisha diski za familia, zangu na za watu, kwa muda wa kutosha kuliona jambo hili likijirudia nyumba hadi nyumba, na hoja ninayoitetea hapa inatokana nalo. Thamani ya video ya familia huhama kadiri miaka inavyokwenda, kutoka katikati ya picha kwenda pembeni, na hakuna awezaye kusema leo itatua wapi kesho. Kwa hiyo anayetengeneza nakala ya kidijitali ya diski hizo ana wajibu mmoja unaotangulia mingine yote: kuichukua diski nzima kama ilivyo, bila kukata, bila kupunguza, bila kurembesha. Mengine, nayo ni mengi, yafuate baadaye.

Nazungumzia diski za familia, si filamu za dukani, ambazo zina kufuli lake la kielektroniki na wenye hakimiliki wao. DVD iliingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996, ikatukuta sisi tukiwa na mikanda ya VHS na VCD, na kuanzia miaka ya 2000 hadi simu janja zilipoenea ndiyo iliyobeba harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi, ubarikio, mahafali na misiba ya miji yetu. Utaratibu ulikuwa ule ule karibu kila mahali. Familia inamkodi mpiga video, anarekodi saa kadhaa, anakwenda kuhariri, na baada ya wiki au miezi (waliowahi kusubiri wanajua kwamba aghalabu ni miezi) analeta diski mbili tatu alizochoma, ndani ya kasha lenye picha ya maharusi waliozungukwa na maua na mioyo. Mara nyingi kanda iliyokuwa ndani ya kamera ilirekodiwa juu yake harusi ya Jumamosi nyingine, na kompyuta ya studio ilifutwa ili kupata nafasi. Anayejipa moyo kwamba “masta” bado iko studio afanye jambo moja: aulize kama studio yenyewe bado ipo. Kuna pia kundi la pili, la mikanda ya VHS ya miaka ya 1980 na 1990 iliyohamishiwa kwenye DVD kisha ikatupwa kwa sababu ilikuwa inajaza kabati. Kwa familia hizo sauti ya babu na ua wa nyumba ya zamani vimebaki kwenye kipande kimoja cha plastiki chenye upana wa sentimita 12.

Kipande hicho kikoje? Ukigeuza DVD ya filamu ya dukani, upande wa chini unang’aa kama fedha. Ukigeuza ya harusi, unaona zambarau. Hatari yote iko katika tofauti hiyo. Diski ya dukani hupigwa chapa kiwandani, na data yake ni vishimo vidogo vilivyofinyangwa ndani ya plastiki. Diski iliyochomwa ina tabaka jembamba la rangi ya kikaboni ambayo leza imeibadilisha kwa joto, nukta baada ya nukta, na leza ya deki husoma tofauti kati ya palipochomwa na palipoachwa. Rangi ni rangi tu: mwanga, joto na unyevu huipausha. Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada hukadiria kwamba DVD-R za kawaida, zile zenye tabaka la aloi ya fedha, huishi miaka 10 hadi 20, na makadirio hayo ni ya diski iliyotunzwa vizuri. Kabati la televisheni la Tanga au Mombasa, mahali ambapo hata chumvi hulowa ndani ya kopo, si utunzaji wa namna hiyo. Mwaka 2003 Fred Byers aliandika mwongozo wa kutunza CD na DVD uliotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na ukiusoma leo utadhani alikuwa anaorodhesha mambo yanayofanyika sebuleni kwetu ili ayakataze: usibandike lebo ya gundi, usiandike kwa kalamu ya ncha ngumu, simamisha diski wima ndani ya kasha lake, iepushe na jua. Studio nyingi zilibandika lebo ya gundi. Wenye diski waliandika kwa kalamu ya bic. Watoto walimaliza kazi iliyobaki.

Hapa ndipo husikika pingamizi la kwanza, na ni la haki: mbona yangu bado inacheza vizuri? Jibu liko katika ufundi wa diski yenyewe. Mkanda wa VHS ulikuwa ukizeeka mbele ya macho. Picha ilianza kuwa na mistari, rangi ikafifia, sauti ikayumba, na mwenyewe akapata miaka kadhaa ya kuonywa. DVD haionyi. Ndani yake kuna data ya ziada kwa ajili ya kusahihisha makosa, kwa hesabu walizozitunga Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, na deki inapokuta sehemu isiyosomeka huijaza kwa hesabu hizo bila mtazamaji kujua lolote. Makosa yanaongezeka mwaka hadi mwaka na picha inabaki safi vilevile, mpaka siku yanapozidi uwezo wa hesabu. Siku hiyo picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, au deki inakataa diski kabisa. Kwa hiyo kucheza vizuri ni habari ya jana. Tena DVD huandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa kwa vidole na kupenyewa na unyevu, hivyo aghalabu kinachotangulia kupotea ni mwisho wa sherehe: nasaha za wazee, shukrani za baba wa bibi harusi, watu wakiagana mlangoni.

Mashine nazo zinaondoka. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa siku hizi hazina mlango wa diski. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na Sony ilimaliza kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Kisomeo cha DVD cha kuchomeka kwenye USB bado kinapatikana, na si ghali. Sitaweka dau kwamba kitapatikana hivyo hivyo baada ya miaka kumi.

Sasa, kuichukua diski nzima maana yake ni nini? Wengi hufungua diski kwenye kompyuta, wanaona folda iitwayo VIDEO_TS, wanachomoa lile faili kubwa kuliko yote, wanaliona linacheza, wanaridhika. Video ndefu hukatwa kwenye DVD kuwa mafaili yasiyozidi GB 1 kila moja, kwa hiyo aliyechukua moja amechukua kipande. Hata aliyechukua yote ya video ameacha menyu, ule ukurasa wa kwanza wenye muziki na majina, na katika diski nyingi za harusi menyu ndiyo mahali pekee palipoandikwa tarehe, ukumbi, kanisa au msikiti, na jina la studio. Njia iliyo salama ni kusoma diski yote, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho, na kuitunza kama faili moja la ISO. Programu za bure kama ImgBurn hufanya hivyo kwenye Windows, na VLC inalicheza faili hilo kana kwamba diski iko ndani ya mashine. Ikiwa diski ni nzima, kazi haimalizi nusu saa. Jambo moja hunifurahisha kila ninapolikumbuka: waliobuni DVD hawakuiamini nakala moja. Kila faili la IFO, lile linaloiambia deki sura zinaanzia wapi, lina pacha wake wa BUP ndani ya diski ile ile, ili moja likiharibika lingine lishike nafasi. Walioijua diski kuliko sisi waliihofia tangu mwanzo.

Pingamizi la pili ni la watu wenye busara wasiopenda ubadhirifu. Diski moja hujaa GB 4.7, familia yenye diski hamsini inazungumzia zaidi ya GB 200, na kwa nini kutunza dakika arobaini za watu kupanga foleni ya zawadi huku wakicheza hatua mbili mbele na moja nyuma? Kata, bakiza kiapo, keki, densi ya kwanza, upate faili la robo saa ambalo kila mtu atalitazama. Upande wa gharama hoja hii imepitwa na wakati: hata diski ya nje ya TB 1, ile wanayoiita eksteno, hubeba zaidi ya diski 200 zilizojaa pomoni. Upande wa maudhui ndipo penye uzito, kwa sababu foleni ya zawadi ni sehemu tajiri kuliko zote katika video ya harusi ya Kitanzania. Meza kuu imepangwa, imepambwa, na waliokaa pale wamejua tangu asubuhi kwamba kamera inawalenga. Foleni haikupangwa. Wanapita wafanyakazi wenzake na bwana harusi, kikundi cha kina mama wa mtaani wamevaa sare ya kitenge, shangazi waliotoka kijijini jana yake na khanga zao, majirani waliohama zamani, mwalimu wa shule ya msingi, na kila mmoja kamera inamkuta usoni kwa sekunde tatu au nne. Kama kuna sajili ya ukoo na marafiki zake kwa mwaka ule, ni hiyo. Mhariri wa leo, akiwa na mkasi, ataitupa kwanza, na hatatupa kwa ubaya. Atatupa kwa sababu waliomo bado wapo na anaweza kuwapigia simu.

Vitu navyo hushuhudia. Namba za magari, Tanzania na Kenya, hutolewa kwa mpangilio wa herufi, kwa hiyo gari lililopita nyuma ya msafara wa maharusi linaweza kuonyesha kwamba video isiyo na tarehe haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Tarehe ya mafaili ndani ya diski haisaidii sana, maana huonyesha siku ya kuchoma na si siku ya sherehe, tena kama saa ya kompyuta ya studio ilikuwa sahihi. Bango la mtandao wa simu ukutani, mtindo wa nywele, jengo ambalo leo halipo: hayo yote yako kwenye zile dakika ambazo mpiga video aliiacha kamera ikizunguka tu akisubiri maharusi waingie. Sijui mtu aliyezirekodi dakika hizo akiamini zina maana. Zimekuja kuwa na maana kwa kuwa hakuzifuta.

Kuna namna nyingine ya kukata isiyotumia mkasi, na hiyo huwapita hata mafundi. Video ya DVD ya huku kwetu, kwa mfumo wa PAL, ina mistari 576, na kamera za wakati ule zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Programu ikibadilisha video hiyo kuwa ya simu kwa haraka, hutupa nusu moja au huchanganya mbili kuwa picha 25. Uso uliotulia hauonyeshi tofauti. Ngoma huionyesha: mabega ya wachezaji yanasuasua, vijiti vya mpiga ngoma vinaacha vivuli. Baadaye hakuna programu itakayozirudisha nusu-picha zilizotupwa, ilhali faili la ISO linazo zote. Na hapa wanaingia watetezi wa akili mnemba, wakisema kwamba sasa kuna programu za kuifanya picha ya zamani iwe kali kama ya jana, kwa nini tubaki na ukungu? Nimeona kazi zake na baadhi zinapendeza. Lakini programu hiyo haigundui sura iliyofichika ndani ya ukungu. Inakisia sura inayofanana na nyuso ilizofunzwa, na pale ambapo bibi alikuwa na nukta kumi tu za picha inampa macho na meno ya mtu mwingine. Kwa maharusi waliopigwa kwa karibu, madhara ni madogo. Kwa walio pembeni, ambao ndio tunaowahitaji, ni kuwafuta na kuweka wengine mahali pao. Anayetaka toleo lililorembeshwa alitengeneze kutoka kwenye nakala kamili, na aandike kwenye jina la faili kwamba limerembeshwa.

Wengine husema kazi imeshafanyika: video iko YouTube, vipande viko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sidharau. Watu wengi wameziona harusi za ndugu zao kwa njia hiyo tu. Lakini kwa miaka mingi WhatsApp ilipokea video zisizozidi MB 16, na kipande kilichobanwa kikapita simu tano kinabaki na sauti ya chini ya maji. YouTube nayo hukiandika upya kila kinachopandishwa, na video za harusi zina balaa lake la pekee: studio ziliweka nyimbo za wasanii chini ya picha bila kumuuliza mtu, na mfumo wa YouTube unaotambua muziki huweza kuizima sauti au kuizuia video nzima. Sauti ikizimwa vinaondoka na vigelegele, na maneno ya wazee, na matarumbeta. Akaunti nayo ni ya mtu mmoja, mwenye nywila yake kichwani.

Pingamizi lililo zito kuliko haya yote haligusi ufundi. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, Unguja na Pemba, na kwa ndugu zao walioko Maskati, kuna sherehe za harusi ambazo ni za wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaonekana, watu wanacheza wanavyopenda kwa kuwa hakuna mwanamume ndani. Mpiga video ni mwanamke, na diski hukabidhiwa mama wa bibi harusi, ikawekwa kabatini chumbani, ikatolewa kwa wageni maalumu na kurudishwa. Kicheni pati za bara na mafundisho ya unyago yaliyowahi kurekodiwa yana kanuni inayokaribiana na hiyo. Diski ilikuwa na fadhila moja ambayo hatukuitaja kwa sababu hatukuhitaji kuitaja: haitumwi kwa kidole kimoja. Ili itoke nje ya nyumba, lazima mtu aibebe. Faili likishaingia kwenye simu linaweza kufika Dubai kabla ya chai kupoa, na aliyecheza bila mtandio mwaka 2006 hakutoa ruhusa ya jambo hilo, tena huenda leo ni mama wa watu au ni marehemu ambaye wanawe hawataki. Anayejibu kwamba “video ni yetu” hajaielewa hoja. Wengi kati ya waliomo kwenye picha ni wageni, na wageni hao ndio wale wale wa pembeni ninaowasifu tangu mwanzo.

Ninavyoona, pingamizi hili haliangushi hoja ya kunakili diski nzima. Linaitenganisha na kusambaza, na limefanya vyema. Kunakili ni tendo la ghala, kusambaza ni tendo la baraza. Diski ya wanawake inakiliwe na mwanamke wa familia, nyumbani, kwenye kompyuta isiyounganishwa na hifadhi ya mtandaoni inayopandisha kila kitu yenyewe, na iishie kwenye eksteno mbili zinazoshikwa na wanawake wawili walioafikiwa. Isipelekwe kwa fundi wa dukani, hata awe mwaminifu namna gani, kwa kuwa baadaye anaweza kuiuza kompyuta yake bila kuifuta. Kufunga faili kwa nywila kunasaidia, ila nywila iliyokufa na mwenyewe huua faili kuliko ukungu, kwa hiyo mimi naegemea ufunguo wa kabati. Na kama kina mama wenyewe wameketi wakaamua kwamba diski fulani isinakiliwe, iachwe ipotee, basi ni uamuzi wao na nauheshimu. Wakati huohuo nina shaka na wanaume wanaouamua kwa niaba yao bila kuwauliza.

Baada ya nakala ya kwanza inakuja swali la nakala ngapi, na hapa ushahidi upo hata kwa watu wenye fedha. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ilipokuwa inatengeneza Toy Story 2, amri moja ya kompyuta ilianza kufuta mafaili ya filamu, na walipokimbilia akiba yao wakakuta haikuwa nzima na hakuna aliyeijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa na nakala nyumbani kwa sababu alikuwa anafanyia kazi huko baada ya kujifungua. BBC nayo ilifuta vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena. Mwaka 2013 vilitangazwa vipindi tisa vilivyokutwa Nigeria, vilikokuwa vimepelekwa kurushwa na televisheni ya huko, na sauti za vilivyopotea zote zipo kwa kuwa watazamaji walizirekodi majumbani mwao. Kilichookoa si wataalamu wa hifadhi. Ni nakala iliyokuwa mbali, mikononi mwa mtu mwingine. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, na ukoo wa Kiswahili una bahati ya kuwa umeshatawanyika: eksteno moja Dar es Salaam, nyingine kwa dada aliyeko Nakuru au Toronto, ya tatu kwa binamu wa Maskati. Anayepeleka Marekani au Kanada asibadilishe video kuwa NTSC kwa kuwa deki za kule zilikuwa hazisomi PAL. Kompyuta haijali, na kila ubadilishaji hula kitu. Eksteno nazo hufa, ndiyo, na hiki ndicho watu husema wanapotaka kuacha kazi yote. Lakini eksteno ikifa, nyingine inanakiliwa kwa saa chache bila kupoteza baiti, na usahihi wake unapimwa kwa namba ya uhakiki ya SHA-256: namba zikilingana, mafaili ni yale yale. Hakuna harusi ya VHS iliyowahi kupewa nafasi hiyo.

Nakala kamili isiyo na majina, hata hivyo, itageuka kuwa ukumbi wa wageni. Pembeni mwa picha ndiko waliko watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuwataja, kwa hiyo kando ya kila ISO liwepo faili dogo la maandishi ya kawaida: harusi ya nani, wapi, lini, nani alipiga video, picha ya kasha na ya lebo, kisha dakika kwa dakika nani anaonekana. Mwenye majibu ni shangazi wa miaka themanini. Anayetaka kumfaidi amwekee video kwenye skrini kubwa, asimharakishe, na awashe kinasa sauti cha simu, kwa kuwa atasimulia zaidi ya alichoulizwa: nani alikuwa hasemi na nani siku ile, nani alikuja bila kadi, ng’ombe wa ndafu alitoka wapi. (Atasema pia kwamba ndafu ni mbuzi na wewe huelewi kitu.) Kazi hii haina programu, na ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote.

Diski zisizosomeka zisikimbiliwe na dawa ya meno. Zioshwe kwa maji safi na sabuni laini, zifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kisha zijaribiwe kwenye kisomeo kingine, maana leza hazilingani. Programu ya GNU ddrescue, ambayo ni ya bure, husoma kwanza panaposomeka, inaandika ramani ya sekta zilizogoma, na inaweza kurudi kwenye hizo tu siku nyingine au kwa mashine nyingine. Kwa sababu ya ramani hiyo sioni vyema kutupa diski baada ya kuinakili, hasa iliyoacha mapengo. Na kuna njia ambayo desturi zetu zenyewe zimeiacha wazi. Studio ilichoma diski kadhaa kutoka kwenye kazi moja, mara nyingi faili moja, ikagawa upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi, na mikwaruzo ya nyumba mbili haiangukii mahali pamoja. Ikiwa diski hizo ni pacha kweli, ddrescue hujaza mapengo ya moja kwa sekta za nyingine, na harusi ambayo haikuwa nzima katika nyumba yoyote inapatikana yote. Kwa hiyo, kabla ya kusema diski imekufa, wapigiwe simu wakwe.